Namna ya kuunga maneno ukiongea Kiingereza, bila kuongea kwa puani

Swali ni lilelile kila wiki hapa Kigoma. Leo analeta kijana wa boti pale Kibirizi, kesho dada wa mapokezi hotelini, keshokutwa mtu aliyemaliza kidato cha nne. "Mbona nikisoma Kiingereza naelewa, ila mgeni akifungua mdomo sishiki kitu?" Na swali pacha lake: "Mbona nasema sentensi sahihi kabisa, halafu naambiwa nirudie?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku za mwanzo za kupeleka wageni kwa boti hifadhi ya Gombe, bwana mmoja alipanda boti, akakaa, akanigeukia: "Wota-wi-gona-SII?" Nikaitikia "Yes!" kwa bashasha, nikachomoa chupa ya maji kwenye boksi nikampa. Akashukuru, akauliza tena vilevile. Nikampa ya pili. Kumbe anauliza "What are we going to see?", yaani tutaona nini huko tuendako. Maneno sita, yote nayajua toka shule ya msingi. Ila "what are" ilipobanwa ikawa "wota", na mimi nikasikia maji.

Nadharia ni hii tu, haizidi hapa. Kiswahili kinaipa kila silabi haki yake, na mkazo karibu siku zote unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-GO-ma, sa-MA-ki, wa-TA-li-i unasikia vibaya, wa-ta-LI-i ndiyo yenyewe. Kiingereza kinabana silabi nyingi ili chache zisikike, na mkazo wake unahamahama. Ukikiongea kwa mwendo wa Kiswahili, kila silabi inagonga sawa na msikilizaji anakosa pa kushika.

Na usiogope kumeza, kwa sababu unameza kila siku. Nani anasema "sasa hivi" kamili? Ni "saivi". "Mwana wangu" imekuwa "mwanangu". "Ki-akula" ilishakuwa "chakula" kabla hujazaliwa.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye rekoda. Hata ndogo ya batani, nyingi zinayo.
- Hedifoni, maana spika ya simu inaficha sauti nyembamba za mwisho wa maneno.
- Sauti ya mazungumzo ya kawaida ya dakika moja au mbili, pamoja na maandishi yake. BBC Learning English wanazo nyingi. Pakua ukiwa na Wi-Fi ya mtu, uhifadhi kwenye simu, usiunguze bando kusikiliza kitu kimoja mara arobaini.
- Kamusi ya mtandaoni inayotamka neno, kama ya Cambridge au Oxford.
- Daftari na penseli.
- Dakika 20 kila siku, na mahali pa kupaza sauti bila kuonekana umechanganyikiwa. Mimi nilikuwa nashuka ufukweni alfajiri, wavuvi wakiwa bado wanaanua nyavu. Hawakujali.

Usichague habari zinazosomwa polepole kwa ajili ya wanafunzi. Zinasaidia msamiati, lakini msomaji wake anatenganisha neno moja moja, na sisi tunatafuta pale yanapogusana.

Katika mifano, herufi kubwa ni mkazo, kistari kinatenga silabi, na alama hii ' ni irabu iliyomezwa. Nimeandika matamshi kwa tahajia yetu ili uyasome kama Kiswahili. Ni makadirio. Sikio lako na kamusi ndio waamuzi.

Hatua ya 1: Jirekodi kabla hujajifunza chochote

Soma hii kwa sauti, urekodi, uhifadhi kwa tarehe: "Good morning. Put on a life jacket and sit in the middle of the boat. I can show you the forest. It takes about an hour." Usijisahihishe. Hiyo ni picha yako ya kabla ya kunyoa.

Hatua ya 2: Weka mkazo mahali pake

Anzia hapa, hata kama una haraka ya kuanza kuunga maneno. Mkazo ukikosea, neno linapotea kabisa kwa msikilizaji, ilhali irabu ikikosea kidogo anakisia na kuendelea.

Maneno ya silabi mbili kama "market" na "forest" tunayapata bila jasho kwa sababu mkazo wake umeangukia mahali tulipouzoea. Yanayotuponza ni haya:

- "hotel": hou-TEL, wala si HO-tel
- "important": im-POO-t'nt
- "passenger": PA-sin-j'
- "vegetables": VEJ-t'-b'lz, silabi tatu tu
- "comfortable": KAMF-t'-b'l, nayo tatu
- "photograph": FOU-t'-graf, lakini "photographer": f'-TO-gr'-f'
- "chimpanzee": chim-pan-ZII

Angalia jozi ya "photograph" na "photographer". Neno limerefuka, mkazo ukahama, na irabu zilizobaki nyuma zikanyauka. Mtu wa kazi za wageni anayetumia maneno haya kutwa nzima ayashike kwanza.

Andika maneno 30 unayoyatumia kazini kwako, si ya kitabuni. Kila moja litafute kwenye kamusi. Utaona alama ndogo kama koma iliyopanda juu, imekaa kabla ya silabi yenye mkazo. Pigia mstari silabi hiyo. Kisha litamke huku ukipiga paja kwenye silabi hiyo peke yake.

Hatua ya 3: Ng'oa irabu za ziada

Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti. "Book" tukaigeuza "buku", "school" ikawa "skuli", na hayo sasa ni maneno yetu halali. Tabu ni kurudi nayo kwenye Kiingereza: "gudi moningi", "laifu jaketi". Kila irabu unayochomeka ni silabi nzima zaidi, na mwendo wa sentensi unaharibika.

Funga mdomo kwenye konsonanti ya mwisho na uishie hapo. Kwenye "good morning" ulimi uende mahali pa "d", ubaki pale, midomo ifunge kwa "m". Hiyo "d" haipasuki. Msikilizaji anaihisi tu.

Kundi linaloumiza zaidi ni vitenzi vya wakati uliopita. "Worked" ni silabi moja: WEKT. "Walked" ni WOOKT. Wengi wanasema "wokedi". Silabi inaongezeka pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia kwa sauti ya t au d: "wanted" WON-tid, "needed" NII-did.

Hatua ya 4: Unga mabehewa

Sisi wa Kigoma ni watu wa mwisho wa reli, kwa hiyo utanielewa: behewa lina ndoano nyuma. Neno likiishia kwa konsonanti na linalofuata likaanza na irabu, konsonanti inang'oka kwake na kuhamia mbele.

- "put on a" → pu-to-n'
- "sit in" → si-tin
- "about an hour" → '-bau-t'-NAU-'
- "looked at" → LUK-tat

Umeona dawa ya hatua ya 3 ilipojificha? "Looked" peke yake inakutia kishawishi cha kuongeza irabu. Ikishika "at", ile "t" imepata irabu ya kuegemea na ulimi wa Kiswahili unaridhika.

Neno likiishia kwa irabu na linalofuata likaanza kwa irabu, weka y au w nyembamba katikati: "I am" → a-yam, "go on" → gou-won. Hili halihitaji mwalimu. Ndilo lililoifanya "mu-alimu" ikawa "mwalimu".

T ikikutana na y inakuwa ch, na d ikikutana na y inakuwa j. "Nice to meet you" → nais-t'-MII-chu. "Did you eat?" → di-ju-IIT. Na t au d ikibanwa katikati ya konsonanti mbili, mara nyingi inadondoka: "next day" → neks-DEI, "last night" → laas-NAIT. Usiitafute, haipo.

Sentensi nzuri ya mazoezi tunayo hapa hapa nyumbani. Ni ile ambayo mwandishi wa habari Stanley aliandika kwamba alimwambia Livingstone, yule mmisionari mpelelezi aliyekuwa akimtafuta, walipokutana Ujiji mwaka 1871: "Dr Livingstone, I presume?" Wageni wanaofika pale kwenye miembe ya makumbusho husubiri kwa hamu mwenyeji aitamke, na sisi tunaikata vipande: dokta, livingi, stoni, ai, prizumu. Ukiisema bila kutua kwenye koma ni: DOK-t'-LI-ving-st'-nai-pri-ZYUUM. Mikazo ni mitatu, mingine yote imelala. Ile "stone" ya mwisho si jiwe tena, imebaki "st'n", na "n" yake imeibeba "I". Irudie mpaka itoke kwa pumzi moja.

Hatua ya 5: Meza maneno madogo

Hapa ndipo palipo na kazi kubwa, na ndipo watu wanapokimbilia kuacha, kwa sababu masikio yetu yanaona ni uvivu wa kutamka. Kaa napo wiki mbili nzima.

Maneno yenye habari, kama majina, vitenzi, vivumishi na maneno ya kukanusha, yanapewa mkazo. Vijineno vya kuunganisha vinanyauka: "to" inakuwa t', "for" f', "of" 'v, "and" 'n, "can" k'n, "a" ', "the" dh'. Sauti hiyo iliyonyauka Kiswahili hakina. Ulegeze mdomo, ulimi ulale katikati bila kwenda popote, midomo isikunjwe, toa sauti fupi. Ukiona umetoa a, e au o safi, umekaza sana.

Jaribu na safari ya soko la Mwanga: "I want to go to the market for a kilo of dagaa."

ai-WONT-t'-GOU-t'-dh'-MAA-kit-f'-r'-KII-lou-'v-da-GAA

Mikazo mitano: nataka, kwenda, soko, kilo, dagaa. Msikilizaji akipata hiyo mitano, dagaa wake anao.

Sasa chukua kijiti, au gonga ukingo wa boti, mapigo matatu yenye nafasi sawa, useme:

BOATS – BRING – FISH
The BOATS – will BRING – the FISH
The BOATS – should have BROUGHT us – the FISH

Mapigo ni matatu kote, ingawa sentensi ya tatu ina maneno mengi zaidi. "Should have" lazima ibanwe ikae "sh'd'v", la sivyo hutoshi ndani ya pigo. Watu hawaongei kwa kipimo cha saa namna hii, lakini kwa mazoezi zoezi hili halina mpinzani.

Tahadhari: vijineno hivi vinaamka mwishoni mwa sentensi. "What are you looking for?" inaishia na FOO kamili. "Can you swim?" "Yes, I can." Hapo ni KAN kamili. Ukimeza hapo unasikika kama mtu aliyekatishwa.

Hatua ya 6: "Can" na "can't", 15 na 50

Hili nalitenga kwa sababu linagharimu watu, na ziwani linaweza kugharimu zaidi ya fedha.

"You can swim here" ni yu-k'n-SWIM-hi'. "You can't swim here" ni yu-KAANT-SWIM-hi', na Wamarekani husema KANT. Ile "t" ya mwisho mara nyingi haisikiki kabisa. Kinachomwambia mgeni kama ni ndiyo au hapana ni uzito. Kwa hiyo ukimwambia "you KAN swim" kwa mkazo wetu wa haki sawa kwa wote, anaweza kusikia umemkataza. Ubaya zaidi ni kinyume chake.

Kwenye jambo la hatari usitumie ufundi. Mahali penye mamba sema "Do NOT swim here", tenganisha, onyesha kwa mkono.

Namba nazo: "fifteen" ni fif-TIIN, "fifty" ni FIF-ti. Ila ikifuatwa na neno jingine, kama "fifteen thousand", mkazo wa "fifteen" huweza kurudi mbele, ikafanana na ndugu yake. Basi sikiliza "n" ya mwisho, na kwenye bei fungua kikokotozi cha simu umwonyeshe. Nimeona kitenge cha elfu hamsini kikilipwa elfu kumi na tano, na ugomvi uliofuata haukuwa wa Kiingereza tena.

Hatua ya 7: Sauti chache tu za kurekebisha

Usijaribu zote. Hizi zinatosha:

Th. Unayo tayari: "think" inaanza kama thamani, "this" kama dhahabu. Ila wengi wetu wa bara tunasema "samani" na "zahabu", basi rekebisha Kiswahili chako na Kiingereza kitafuata.

Ng'. Mwisho wa "sing" na "morning" ni ng' ya ng'ombe, bila g kupasuka.

R na L, kwa wale ambao lugha ya nyumbani haizitenganishi. Kwenye L ncha ya ulimi inabandika nyuma ya meno ya juu. Kwenye R ya Kiingereza ncha haigusi kitu. Mhudumu wa hoteli asilipuuze hili: "rice" ni wali, "lice" ni chawa.

I fupi na ii ndefu. "I live in Ujiji" nakaa Ujiji, "I leave" naondoka. Kwenye ndefu tabasamu na uvute. Na neno "beach" hakikisha umelivuta vizuri, kwa sababu likiwa fupi ni tusi, na utakuwa umemwelekeza mgeni wa watu huko.

Hatua ya 8: Fuatisha

1. Sikiliza kipande cha sekunde kumi bila maandishi. Andika ulichosikia, hata kama ni ukungu mtupu.
2. Fungua maandishi. Chora upinde pale maneno yalipoungana, kata vijineno vilivyomezwa, pigia mstari mikazo.
3. Sikiliza tena huku ukifuata alama zako. Kama ni kasi mno, punguza mwendo hadi 0.75. YouTube na VLC, ile programu ya kuchezea sauti na video, zote zinaruhusu. Usishuke chini zaidi, sauti inalegea na kukudanganya.
4. Ongea pamoja naye, nyuma yake kidogo, kama mwitikiaji wa kwaya aliyechelewa nusu neno. Iga mapigo kwanza, maneno baadaye. Hata ukivumisha tu "da-DA-da-da-DA" ni sawa.
5. Jirekodi peke yako, ulinganishe. Sahihisha kitu kimoja tu kwa siku.

Sekunde kumi zilizosagwa vizuri zinazidi filamu nzima uliyoitazama ukila karanga.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kuongea haraka ukidhani ndiko kuunga. Unaweza kuunga kwa mwendo wa kobe, na ndivyo unavyopaswa kuanza.

Kuongea kwa puani. Hakuna anayekuomba ugeuke mtu wa London. Lafudhi yako ya Kigoma ibaki, mradi mkazo uko mahali pake.

Kuvaa "gonna" na "wanna" kila mahali. Uzielewe ukizisikia, ila kwenye usaili wa kazi sema "going to" ukimeza "to", na usiziandike kabisa kwenye barua.

Kuunga kwa kila mtu. Mgeni Mfaransa au Mjerumani naye alijifunza Kiingereza darasani. Kwake punguza kumeza, ila mkazo usibadilishe.

Ukikwama

*Ulimi unagongana kwenye sentensi ndefu.* Ijenge kutoka mwisho: "dagaa", halafu "kilo of dagaa", halafu "for a kilo of dagaa", mpaka ufike "I". Ukianzia mwanzo, pumzi inaisha kabla ya sehemu ngumu.

*Nimesema mara mbili, bado hanielewi.* Usipaze sauti, yeye si kiziwi. Kwanza hamisha mkazo. Ikishindikana badilisha neno: "life jacket" ikigoma, inyanyue.

*Nimeshika neno moja tu katika swali lake.* Lirudishe kama swali: "Water?" Akitikisa kichwa, sema "Sorry, say it slowly?" Usifungue boksi kabla hajajibu.

*Wenzangu wananicheka.* Fanyeni wawili. Mmoja awe abiria, mwingine nahodha, kisha mbadilishane. Anayecheka mpe zamu ya Stanley.

*Sina mzungu wa kuongea naye.* Humhitaji kwa hatua saba za kwanza. Tuma ujumbe wa sauti kwa mwenzako anayejifunza, mwambie akuandikie alichosikia neno kwa neno. Pale alipoandika kitu kingine ndipo pa kurudia.

*Marekani au Uingereza?* Chagua sauti unayoisikia zaidi kazini kwako na uishikilie miezi mitatu. Mmarekani atasema "wara", Mwingereza "woota", na wote wawili wana kiu.

*Mwezi umepita sioni tofauti.* Soma tena sentensi za hatua ya 1, rekodi, kisha fungua ile ya tarehe ya zamani. Zisikilize kwa hedifoni, moja baada ya nyingine. Ukikuta "put on a" bado ni maneno matatu, rudi hatua ya 4. Ukikuta ni moja, anza kutafuta kipande kipya cha sekunde kumi.